Tuchangie Msimu, Tusisubiri Kombe

*Maelezo ya kifungu cha michezo cha bajeti, yaliyotolewa kwenye hafla ya harambee ya mwaka na mwanachama wetu, mhasibu, mkazi wa Dar es Salaam*

 

Kamati imenipa dakika kumi na tano nieleze kifungu kimoja tu cha bajeti mliyonayo mkononi: michezo katika sekondari yetu ya pale mjini. Darasa jipya lina msemaji wake, na zahanati ina msemaji wake. Nadhani mimi nimepewa michezo kwa sababu ni kifungu kidogo, na vifungu vidogo ndivyo vinavyofutwa kwanza kila fedha zinapopungua. Naomba nikitetee kwa lugha ninayoijua, yaani hesabu.

Kwanza tukubaliane jambo moja. Sisi tulio mbali na nyumbani tunaipenda timu ya shule. Ikishinda, picha zinazunguka kwenye makundi yetu ya simu kabla ya jua kuzama. Na tumekuwa tukitoa. Tumetoa jezi, tumetoa vikombe, tumetoa mbuzi wa kupongeza. Swali langu usiku wa leo ni hili: tunachotoa, je, ndicho kinachokwamisha timu?

Nilipokwenda nyumbani mwezi wa nne nilipita shuleni, nikaomba mwalimu wa michezo anioneshe stoo. Kuna seti tano za jezi. Mbili hazijavaliwa, bado zimo kwenye mifuko yake ya nailoni. Mipira inayoshika upepo ilikuwa miwili, mmoja wa miguu na mmoja wa pete. Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa na mkasi na kitambaa. Nikamuuliza mwalimu, "Msimu huu mmetolewa na nani?" Akanijibu, "Hatukutolewa. Tulikosa usafiri."

Ndugu zangu, jibu hilo ndilo lililonileta mbele yenu.

Msimu wa shule unavyokwenda

Wengi wetu tumemaliza shule siku nyingi, kwa hiyo nikumbushe kidogo. Michezo ya sekondari nchini inakwenda kwa ngazi za UMISSETA. Mwezi wa pili na wa tatu madarasa na mabweni yanacheza yenyewe kwa yenyewe, na timu ya shule inachaguliwa hapo. Kisha zinakuja ngazi za kata na tarafa, halafu halmashauri, halafu mkoa, na mwezi wa sita ni taifa. Kitu chote hicho kinabanwa katika miezi mitano.

Sasa angalieni miezi yenyewe. Machi na Aprili kwetu ni mvua. Uwanja wa shule una mteremko, na upande wa goli la chini maji yanatuama. Barabara za vumbi zinageuka utelezi, na anayeujua mlima wa Magara wakati wa masika hahitaji kuelezwa. Gari ambalo Januari lingekubali kubeba watoto kwa bei ya kawaida, Aprili linaongeza bei au linakataa kabisa. Yaani safari za timu zinaanguka kwenye miezi ambayo usafiri ni ghali kuliko yote. Ni miezi hiyohiyo ambayo mzazi mkulima hana kitu mfukoni, kwa sababu mahindi na maharage bado yako shambani.

Na sisi je? Sisi tunakwenda nyumbani Desemba. Fedha zetu zinafika Desemba, wakati shule imefungwa, au zinafika Juni, timu ikishashinda. Kalenda ya mfuko wetu na kalenda ya mchezaji hazijawahi kukutana. Katika uhasibu fedha iliyochelewa ina gharama yake. Hapa gharama hiyo inalipwa na mtoto aliyefanya mazoezi tangu Februari.

Kuna jambo la pili ambalo watu wa nje ya shule hawalioni. Shule yetu ina kidato cha kwanza hadi cha sita. Mwanafunzi wa kidato cha tano anaripoti Julai, UMISSETA ya mwaka huo ikiwa imeshapita. Msimu wake wa kwanza ni Februari inayofuata. Mwaka wa pili yake, mwezi wa tano, yuko kwenye mtihani wa taifa wa kidato cha sita. Maana yake kijana huyo ana msimu mmoja tu wa kuichezea shule hii. Wa kidato cha nne naye, Juni ikipita, anarudi kwenye vitabu kwa ajili ya mtihani wa Novemba, na Januari hayupo tena. Kila Februari mwalimu anaanza upya na karibu nusu ya timu. Kwa hiyo tunaposema "mwaka huu fedha haikutosha, tutajipanga mwakani", tujue kwamba mwakani ni watoto wengine. Wa mwaka huu hawana mwakani.

La tatu ndilo linaloshangaza wengi. Timu ya shule haifiki taifa. Ikivuka ngazi za chini, inavunjwa. Wachezaji bora wa shule mbalimbali wanachaguliwa kuunda timu ya halmashauri, kisha za halmashauri zote saba za Manyara wanachujwa kupata timu ya mkoa. Binti yetu wa netiboli anajikuta anapokea pasi kutoka kwa binti wa shule iliyotufunga mwezi uliopita. Mashindano ya taifa nayo yanahama: mwaka 2019 na 2021 yalikuwa Mtwara, 2022 Tabora, 2025 Iringa. Mtoto aliyekuwa hajavuka Babati anaiona nchi yake kwa sababu ya mpira.

Hapo ndipo nilipoelezwa habari ya binti mmoja. Sitamtaja jina, maana bado ni mwanafunzi. Alichaguliwa timu ya netiboli ya halmashauri. Gari la kwenda kambi ya mkoa lilikuwepo na chakula kambini kilikuwepo, ila kila mchezaji alitakiwa aje na raba zake, suti ya michezo na vitu vyake binafsi vya kambi. Baba yake hakukataa. Alisema wasubiri vitunguu saumu vikomae auze. Vitunguu havikomai kwa ratiba ya UMISSETA. Nafasi ikapewa mwingine. Jezi mbili zisizovaliwa zilikuwa zimelala stoo, na mtoto amekosa raba.

Simlaumu baba yule wala halmashauri. Ninachosema ni kwamba pale palikuwa na pengo dogo, la kiasi ambacho wengi wetu humu tunakitumia kwa vocha na chai kwa mwezi, na hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ni kuliziba.

Kwa nini sisi, si mzazi wala serikali

Nimeulizwa na mzee wangu mmoja hapa, kabla ya chakula: "Mwanangu, hayo si ya shule? Sisi tulichangia michezo pamoja na ada." Ni kweli, Mzee, ilikuwa hivyo. Lakini tangu Januari 2016 ada na michango ya lazima viliondolewa kidato cha kwanza hadi cha nne, na kwa kidato cha tano na sita ada iliondolewa mwaka 2022. Ni jambo jema, na wapo watoto wa majirani zetu walioko darasani leo kwa sababu hiyo tu. Ila nauli ya timu haikuondoka pamoja na ada. Serikali inapeleka ruzuku ya uendeshaji, nayo ina chaki, mitihani, ukarabati na mengine ya kusubiriwa. Mkuu wa shule akilazimika kuchagua kati ya karatasi za mtihani na safari ya timu ya wavu, mimi mwenyewe ningemshauri achague karatasi. Ndiyo maana kifungu hiki kinatuhusu sisi.

Wapo pia wanaosema michezo inaharibu masomo. Hoja hiyo ina historia. Sisi wa rika langu tunakumbuka kwamba mwanzoni mwa miaka ya 2000 UMISSETA na UMITASHUMTA zilisimamishwa nchi nzima kwa miaka kadhaa, ili watoto wasome. Baadaye, katika awamu ya nne, zikarejeshwa. Vijana waliosoma katikati ya kipindi hicho hawana msimu hata mmoja wa kukumbuka. Mwalimu wetu ana utaratibu ambao naona unatosha: anayekwepa maandalizi ya jioni au kazi za darasani hasafiri na timu, hata awe mfungaji bora. Anasema hajaona adhabu nyingine inayowafanya vijana wa kiume wakae na vitabu vya hesabu kama hiyo. Tuuandike utaratibu huo kwenye masharti ya fedha yetu, na hoja ya masomo itakuwa imepata jibu.

Sisi ni watu wa nchi gani

Ndugu zangu, sina haja ya kuwaambia wana-Mbulu habari za kukimbia. Oktoba 20, 1968, John Stephen Akhwari, mtu wetu, alishiriki mbio za marathoni za Olimpiki kule Mexico City. Walianza 75. Alianguka njiani, goti likaumia, akafungwa bandeji akaendelea. Walimaliza 57 na yeye alikuwa wa mwisho, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Dunia nzima inamjua kwa jinsi alivyomaliza. Mimi kwa kazi yangu naona na upande mwingine: kabla ya kumaliza, alifika. Nchi changa, ambayo haikuwa imefikisha hata miaka saba tangu uhuru, ilitafuta fedha ikampeleka bara jingine. Pasipo tiketi ile, ule moyo wote ungebaki Mbulu na hakuna ambaye angeujua.

Filbert Bayi, aliyezaliwa Karatu wakati Karatu ikiwa ndani ya Wilaya ya Mbulu, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, dakika 3:32.16. Gidamis Shahanga wa Hanang, jirani zetu, alishinda dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978, kisha mbio zikampeleka chuo kikuu Marekani, El Paso, Texas. Na Septemba 2025, Alphonce Simbu wa Singida alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia kule Tokyo. Yeye na Mjerumani aliyemfuata waliandikiwa muda uleule, saa 2:09:48, wakatenganishwa na sehemu tatu za mia za sekunde. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo.

Lakini naomba tusidanganyane. Siwaombi fedha ili tupate Simbu mwingine. Mhasibu anayewaahidi bingwa wa dunia kwa mchango wa elfu tano anapaswa kunyang'anywa kalamu. Wengi wa watoto hawa watakuwa wauguzi, madereva, walimu, wafugaji na wakulima wa vitunguu saumu, na baadhi watakaa kwenye viti hivi tulivyokalia sisi. Ninachoomba ni kwamba mtoto aliyefanya mazoezi miezi mitatu atolewe na timu iliyomzidi, asitolewe na gari. Akishindwa uwanjani atajua pa kujirekebisha. Akishindwa kwa kukosa nauli, anajifunza kwamba juhudi haina maana, na hilo ni somo baya kuliko kufeli mtihani.

Hesabu yenyewe

Sasa tuje kwenye namba. Haya ni makadirio yetu ya msimu mmoja, na nimeyafanya kwa uwazi ili kila mmoja ayahakiki.

Wachezaji: soka wavulana 18, soka wasichana 18, netiboli 12, wavu wavulana 12, wavu wasichana 12, riadha 12. Jumla ni 84. Ongeza walimu wanne, wawe 88. Tukichukulia kila mmoja anasafiri mara sita kwa msimu, kwenda na kurudi, tunapata safari 528.

Nauli, tukikadiria shilingi 6,000 kwa kichwa kwa safari: 3,168,000.

Chakula na maji, shilingi 3,000 kwa kichwa kwa safari: 1,584,000.

Mipira na neti: 600,000.

Huduma ya kwanza: 148,000.

Mfuko wa waliochaguliwa, wachezaji kumi kwa shilingi 50,000 kila mmoja, kwa ajili ya raba na vitu vya kambi: 500,000.

Jumla kuu: shilingi 6,000,000.

Tazameni mgawanyo. Nauli na chakula peke yake ni 4,752,000, karibu shilingi nane katika kila kumi. Na hivyo viwili ndivyo ambavyo havijawahi kupata mfadhili, kwa sababu chakula kikiliwa kimeisha na nauli haipigwi picha. Jezi inakaa, ina rangi, inaandikwa jina la aliyetoa. Sisemi jezi ni mbaya. Nasema tunazo seti tano, tupumzike kununua jezi kwa miaka mitatu.

Milioni sita si ndogo. Lakini wanachama mia moja wakitoa shilingi 5,000 kila mwezi kwa miezi kumi na miwili, ni milioni sita kamili. Na tukianza mwezi huu wa Julai, mpaka mwisho wa Januari tutakuwa na 3,500,000 benki, kabla filimbi ya kwanza haijapulizwa. Zinazobaki zitaingia kadiri msimu unavyokwenda. Mwalimu ataweza kuzungumza na mwenye basi mwezi wa kwanza, barabara zikiwa kavu, na kukubaliana bei ya msimu mzima. Fedha ileile, ikifika mapema, inanunua safari nyingi zaidi.

Ulinzi wa fedha

Najua kinachowasumbua, maana na mimi ningeuliza. Fedha itaingia akaunti ya shule na si mfuko wa mtu. Itatoka kwa saini tatu: mkuu wa shule, mwalimu wa michezo, na mjumbe mmoja wa bodi ya shule. Kila safari itakuwa na karatasi moja tu yenye tarehe, mahali, majina ya waliosafiri, kiasi kilichotumika na risiti. Nakala itabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule, ili mwanafunzi mwenyewe asome jina lake na aone kama alikula au hakula. Kwa uzoefu wangu, hakuna mkaguzi mkali kuliko mchezaji aliyeandikiwa chakula ambacho hakukiona. Taarifa ya msimu itachapishwa kwenye kabrasha la mwakani, ukurasa huuhuu.

Na sharti moja la mwisho ambalo naomba Mkutano ulipitishe: mgao wa wasichana usipunguzwe ili kuokoa wa wavulana. Katika makadirio haya riadha ni sita kwa sita; kwa jumla wasichana ni 48 na wavulana ni 36, kwa kuwa netiboli ni ya wasichana. Gari likiwa dogo, desturi imekuwa timu ya wavulana ya soka ipande na wengine wabaki. Kwa fedha yetu, atakayetangulia kupanda ni yule ambaye mechi yake iko karibu.

Ndugu zangu, katikati ya kabrasha hili kuna fomu ya ahadi. Ina mistari mitatu tu: jina lako, kiasi cha kila mwezi, na mwezi wa kuanzia. Naomba kwenye mstari wa tatu muandike Julai, msiandike Desemba. Mimi yangu nimeshaijaza na nimeikabidhi kwa Mhazini.

Februari timu mpya itachaguliwa. Watoto hao sasa hivi wapo, wengine wameripoti kidato cha tano wiki hizi hizi na masanduku yao, hata uwanja hawajauzoea. Wana msimu mmoja. Tuulipie.

 Mungu aubariki Umoja wetu, aibariki Mbulu.